Kiatu na Chatu: Uhakiki wa Kutafuta na Kubadili Maandishi kwa Ruwaza

1. Utangulizi

Mhariri wa maandishi ya Kiswahili siku hizi hategemei kalamu nyekundu peke yake. Akiwa na mswada wa kurasa mia tatu ndani ya kompyuta, humwezekania kuandika amri moja tu, na papo hapo neno fulani likatafutwa kila mahali na kubadilishwa kuwa jingine. Akijua zaidi, haandiki neno moja bali huandika ruwaza, yaani maelezo ya umbo linaloweza kuchukuliwa na maneno mengi. Kazi ambayo zamani ingemchukua karani mwezi mzima humalizika kabla chai haijapoa.

Hapana shaka kwamba chombo hiki ni cha manufaa. Makala haya hayakusudii kukibeza. Yanakusudia kuhakiki namna kinavyotumiwa juu ya maandishi ya Kiswahili, na hasa maandishi yanayotokana na masimulizi ya mdomo ya watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mahali pa kupimia hoja ni Muhuru, kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Hapo Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, Kiswahili ni lugha ya biashara na ya kuvuka mpaka, na nyuma ya zote mbili imo lugha ya Kisuba, ambayo wazee wa baadhi ya koo za huko walikuwa wakiisema kabla haijamezwa na Dholuo. Mswada wa masimulizi kutoka mahali kama hapo huwa na tabaka kadhaa za lugha katika sentensi moja. Swali ni hili: mhariri akipitisha ruwaza zake juu ya mswada huo, ni nini kinachosahihishwa, na ni nini kinachofutwa?

2. Asili ya ruwaza na kazi yake

Msingi wa jambo hili ni wa kihisabati. Mwaka 1956 Stephen Kleene wa Marekani alichapisha maelezo ya namna ya kueleza mifuatano ya alama kwa fomula fupi. Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuitumia fomula ya aina hiyo kutafuta maneno ndani ya maandishi, na kufikia miaka ya 1970 programu za kutafutia zilizojengwa juu ya msingi huo zilikuwa zimeenea miongoni mwa wanakompyuta. Wao huiita fomula hiyo rejeksi. Katika makala haya itaitwa ruwaza.

Mfano mwepesi ni jina la Muhuru lenyewe. Katika ramani na maandishi mbalimbali jina hilo huonekana pia kama Muhoro na Mohoru. Mtafiti anayetaka kuzipata sura zote kwa pamoja ataandika M[uo]h[uo]r[uo], yaani: herufi M, kisha u au o, kisha h, kisha u au o, kisha r, kisha u au o. Fomula hiyo fupi inakubali sura 8, zikiwamo zile ambazo hakuna aliyepata kuziandika. Katika kutafuta, wingi huo hauna madhara. Lakini Muhoro ni jina la mtu pia miongoni mwa Wagikuyu. Mtafiti akitafuta tu, atamwona Bwana Muhoro wa Nyeri, atatabasamu na kumpita. Akibadili yote, Bwana Muhoro atageuka ghuba.

Tofauti hiyo kati ya kutafuta na kubadili ndiyo msingi wa uhakiki huu. Kutafuta ni kuuliza swali, na jibu lisilofaa huachwa. Kubadili ni kutoa hukumu, tena kwa wote waliofanana sura, bila kumsikiliza hata mmoja.

3. Kiatu na chatu

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili walio na lugha nyingine za Kibantu husema au huandika kiangu mahali pa changu, na kiote mahali pa chote. Mhariri aliyefunzwa sarufi anajua kanuni: kiambishi ki- kikifuatwa na irabu huwa ch-. Ki + angu ni changu, ki + ombo ni chombo, ki + umba ni chumba. Kwa hiyo anaandika ruwaza \bki([aeiou]), maana yake ki iliyo mwanzo wa neno na kufuatwa na irabu yoyote, naye anaamuru mahali pake pawekwe ch pamoja na irabu ileile. Kanuni ni sahihi, na ruwaza imeifuata kanuni.

Matokeo yake ni haya. Kiangu imekuwa changu, kama ilivyotakiwa. Lakini kiatu kimekuwa chatu, na mtu aliyevua viatu mlangoni sasa amevua nyoka. Kioo kimekuwa choo, hata jarida la wataalamu wa Dar es Salaam liitwalo Kioo cha Lugha likipita katika mswada huo halitasalimika. Kiini cha habari kimekuwa chini cha habari. Kiumbe kimekuwa Chumbe, kisiwa kilicho karibu na Unguja. Kiangazi kimekuwa changazi na kiongozi amekuwa chongozi, maneno ambayo angalau mpiga chapa atayashangaa. Hatari zaidi ni yale ambayo hayamshangazi mtu: chatu, choo na chini ni maneno halisi ya Kiswahili, na kifaa cha kukagua tahajia kitayapitisha bila swali.

Kosa liko wapi? Haliko katika ruwaza, kwani imefanya ilivyoambiwa. Liko katika kudhani kwamba kanuni ya sarufi ni kanuni ya herufi. Kugeuka kwa ki- kuwa ch- hutegemea historia ya mzizi. Katika kiatu, mzizi ulikuwa na konsonanti mwanzoni ambayo Kiswahili kimeidondosha. Gikuyu bado inayo, nayo husema kĩratũ. Irabu ya pili katika kiatu imekutana na ki- kwa kuchelewa, baada ya kanuni kwisha kupita. Kiumbe nacho kimetokana na kitenzi umba, na bado hakikuwa chumbe, ilhali chumba kimekubali. Mambo haya hayaonekani katika herufi k na i.

Zaidi ya hayo, kosa la aina hii halirudishiki nyuma. Mhariri akigundua alichofanya na kuamuru ch irudi kuwa ki mbele ya irabu, atapata kiatu tena, lakini chatu wa kweli waliokuwamo katika mswada nao watakuwa viatu, chombo kitakuwa kiombo, na chama cha ushirika cha wavuvi kitakuwa kiama. Maneno mawili yakishaunganishwa kuwa sura moja, hakuna ruwaza itakayojua lipi lilitoka wapi. Asiyekuwa na nakala ya mswada wa awali amepoteza mswada.

Yafaa kulinganisha na badiliko jingine. Wanafunzi wengi huandika kwasababu kwa neno moja. Mhariri akiamuru kila kwasababu iwe kwa sababu, hapatakuwa na madhara yoyote, kwa kuwa mfuatano huo wa herufi hauna maisha mengine katika lugha. Hapa ndipo penye kipimo kinachofaa: badiliko la jumla ni salama pale tu ambapo umbo linaloondolewa halina kazi nyingine popote katika lugha. Kipimo hicho ni cha mwanaisimu. Mwanakompyuta peke yake hawezi kukitumia.

4. Mswada wa ziwani

Na ichukuliwe kwamba mhariri ana masimulizi ya mvuvi wa Muhuru, yaliyonakiliwa kama yalivyosemwa. Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mjadala, ila matamshi yake ni ya kawaida: “Tulikuwa siwani usiku, karibu na kisiwa, sindano ya kusonea nyavu ikapotea.” Dholuo haina sauti ya z wala ya sh, na msemaji ameziweka zote mbili katika s. Hivyo siwani ni ziwani, na kusonea ni kushonea.

Mhariri akibadili s kuwa sh, atapata kushonea, lakini pia atapata ushiku, kishiwa, na shindano. Sindano ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sasa wavuvi wamepoteza mashindano. Akibadili siwa kuwa ziwa, atapata ziwani, lakini kisiwa kitakuwa kiziwa. Tena siwa peke yake ni neno la Kiswahili, nalo ni lile baragumu la heshima la Lamu na Pate. Katika sentensi moja fupi, herufi ileile ya s ina hadhi tatu: ni s ya kweli katika sindano, ni z katika siwani, ni sh katika kusonea. Msikilizaji yeyote wa Kiswahili huzitenganisha bila taabu kwa sababu anajua maneno. Ruwaza haijui maneno.

Mtu atasema kwamba dawa ni kuweka mipaka ya neno. Ni kweli, na ni dawa ya lazima. Mhariri anayetaka kuweka Nyanza mahali pa ziwa bila mipaka ataharibu maziwa, na mtu aliyeuziwa samaki pwani naye atavurugika, kwani ndani ya aliuziwa mna ziwa. Lakini mipaka nayo ina hila zake katika Kiswahili. Ruwaza za kawaida huichukulia alama ya ritifaa kuwa si sehemu ya neno, kwa hiyo ng'ombe hukatwa vipande viwili, ng na ombe. Tena ritifaa hiyo huandikwa kwa alama zaidi ya moja, iliyonyooka na iliyopinda, kutegemea kompyuta ya mwandishi. Mtafiti akihesabu ng'ombe kwa alama moja tu, atakosa wale wote walioandikwa kwa nyingine, kisha ataandika tasnifu juu ya uhaba wao.

Jambo zito zaidi ni kwamba neno la Kiswahili lina viungo vingi ndani yake, na kila kiungo hupata maana kutokana na mahali kilipo. Katika “akikivuta chombo pwani”, ki ya kwanza huonyesha tendo linaloendelea au sharti, na ki ya pili huwakilisha chombo. Anayetaka kuweka wingi anapaswa kupata “akivivuta vyombo pwani”. Anayebadili kila ki kuwa vi atapata “avivivuta”, na chombo kitabaki kimoja. Sura za ki hizo mbili ni sawa kabisa. Kinachozitofautisha ni nafasi na upatanisho, mambo ambayo mtoto wa pwani huyajua kabla hajajua kusoma.

5. Usanifishaji kwa mkono

Ingekuwa vyema kudhani kwamba hatari hizi zimeletwa na mashine. Sivyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuileta katika tahajia na maumbo yaliyokubaliwa. Kazi hiyo, ikitazamwa kwa jicho la leo, ilikuwa kutafuta na kubadili kulikofanywa na binadamu.

Binadamu alikuwa na busara ambayo ruwaza haina. Karani aliyebadili ndia ya Kimvita kuwa njia, na ndaa kuwa njaa, hakuthubutu kubadili ndugu kuwa njugu. Aliposoma “ndoo hapa” aliandika “njoo hapa”, na aliposoma “leta ndoo” aliiacha ndoo ya maji mahali pake. Hata hivyo binadamu naye alifuta mambo. Katika ushairi wa Mombasa, mato yakibadilishwa kuwa macho, mizani hubaki ileile lakini kina cha -to huvunjika, na mshairi aliyelinganisha mato na moto huonekana kana kwamba hakujua vina. Mashairi ya Muyaka bin Haji yasingeweza kusomwa sawasawa kwa Kiunguja, na wahariri waliyoyashughulikia kwa uangalifu waliyaacha katika lahaja yake.

Funzo ni kwamba swali la “sahihi au kosa” haliwezi kujibiwa kabla ya kujibiwa swali la “maandishi haya ni ya nini”. Kitabu cha shule kina haki ya kusanifishwa. Shairi na masimulizi ya mdomo ni ushahidi, na ushahidi hausanifishwi.

6. Kosa linapokuwa ushahidi

Hapa panafaa kurejea Muhuru na zile kiangu na kiote. Kisuba ni lugha ya Kibantu, na mapokeo ya Abasuba huwahusisha na nchi zilizo ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Leo lugha hiyo imehifadhiwa zaidi Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, kuliko Muhuru, ambako wengi wenye asili ya Kisuba husema Dholuo. Mfangano kilianzishwa kituo cha redio kikapewa jina la Kisuba, Ekialo Kiona, yaani dunia yote. Mwanaisimu akilinganisha jina hilo na Kiganda, ambamo ekyalo ni kijiji na kyonna ni chote, ataona kwamba ki mbele ya irabu, ile ambayo mhariri wa sehemu ya tatu aliiwinda kama kosa, ni miongoni mwa mambo yanayoziunganisha lugha za pande mbili za ziwa.

Ruwaza yake ikipita juu ya jina hilo itatoa Ekialo Chona. Akisahau mpaka wa neno, itatoa Echalo Chona. Na mzee wa Muhuru akisema “kijiji kiote” katika Kiswahili chake, yumkini huo ni utelezi tu wa ulimi, au athari ya jirani Mkuria, au ni mabaki ya lugha ya nyumba ya babu yake. Hakuna awezaye kuamua bila kukusanya mifano mingi na kuipima. Lakini mswada uliokwisha “kusafishwa” hautakuwa na mfano hata mmoja wa kupima. Lugha ambayo wasemaji wake wamepungua kwa karne nzima kutokana na shule, kanisa, ndoa na soko, itafutwa mara ya pili ndani ya kompyuta ya mtu aliyekusudia kuisaidia.

Ndivyo ilivyo pia kwa msamiati. Mvuvi wa upande wa Kenya husema omena na mbuta. Jirani yake wa Rorya, hatua chache kusini, huweza kusema dagaa na sangara. Kubadili omena kuwa dagaa hakuvunji upatanisho wa kisarufi wala hakuzai neno la ajabu. Kwa kipimo cha sehemu ya tatu ni badiliko salama. Lakini limefuta mpaka kati ya Kenya na Tanzania kama unavyosikika mdomoni mwa mvuvi, na limemfanya msemaji atoke mahali asikotoka. Kwa hiyo kipimo kile, ingawa ni cha lazima, hakitoshi. Usalama wa lugha si usalama wa ushahidi.

7. Matumizi yaliyo bora

Uhakiki usioonyesha njia hauna faida. Mambo manne yanaweza kupendekezwa.

Kwanza, mswada wa awali uhifadhiwe bila kuguswa, na mabadiliko yote yafanywe juu ya nakala. Pili, ruwaza itumiwe kutafuta kwanza, na orodha ya yote yaliyopatikana isomwe kwa jicho kabla ya kubadili chochote. Aliyeona kiatu na kioo katika orodha hatawageuza. Tatu, sarufi iingizwe ndani ya ruwaza yenyewe. Mahali pa “ki na irabu yoyote”, mhariri wa kitabu cha shule angeandika \bki(angu|ako|ake|etu|enu|ao|ote)\b, yaani ki pamoja na mizizi ya vimilikishi na -ote peke yake, ikiwa na mpaka kila upande. Ruwaza hiyo hurekebisha kiangu na kiote, na humwacha kiongozi katika cheo chake. Ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa sababu inajua zaidi. Nne, kila ruwaza iliyotumiwa iandikwe katika dibaji ya chapisho, kama vile mhariri wa utenzi anavyoeleza alivyosoma hati za Kiarabu. Msomaji ana haki ya kujua ni mkono gani uliopita juu ya maneno ya msemaji.

Kwamba jambo hili linawezekana kumekwisha kuonyeshwa. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga kichanganuzi cha maumbo ya Kiswahili juu ya nadharia iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Kazi hiyo nayo imesimama juu ya hisabati ya ruwaza, lakini ruwaza zake zimeunganishwa na kamusi na ngeli, hivyo inaweza kuzitenganisha ki mbili za akikivuta. Iliyofanya tofauti ni sarufi iliyowekwa mbele ya herufi. Kazi ya aina hiyo yapasa kufanywa pia na idara za vyuo vya Afrika Mashariki, kwa lahaja na kwa Kiswahili cha bara, maana wanaozijua sindano na siwa za Muhuru ni watu wa hapa.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kutafuta kwa ruwaza ni msaada mkubwa kwa mtafiti wa Kiswahili, na kwamba kubadili kwa ruwaza ni tendo la uhariri linalohitaji kipimo mara mbili: kwanza, kama umbo linaloondolewa lina maisha mengine katika lugha, na pili, kama ni sehemu ya ushahidi ambao mswada ulinakiliwa kwa ajili yake. Miswada mingi ya masimulizi ya kanda ya ziwa bado haijaandikwa, na wazee wenye kuyasimulia wanapungua. Inayoandikwa sasa na ifikishwe kwa wasomi wa baadaye ikiwa na s zake na ki zake zote, na masahihisho yawekwe pembeni, mahali ambapo yanaweza kukubaliwa au kukataliwa.